Mzee wa Bloku wa Bertrams

Hakuwa mtu wa salamu. Ukiingia yadi yake pale Bertrams, Johannesburg, na injini nyuma ya pikapu, alikupita kama hakukuona, akazunguka upande wa nyuma wa ile injini, akainama na kupitisha kidole gumba pale ambapo gia boksi hufungwa. Akimaliza, ndipo anageuka na kukuuliza habari za nyumbani. Sisi Watanzania, ambao tunaweza kumaliza robo saa kwenye hujambo na hali gani, tulimwona hana adabu. Wakongo wenzake walimwita Papa na kumvumilia. Wengine wote, Wasomali wa Mayfair, Wazulu wenye gereji za jirani, Wazungu waliokuja na magari yao juu ya trela, walimwita kwa kazi yake, Mzee wa Bloku.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu mara ya mwisho lilipoandikwa mbele yangu halikumletea heri, na kalamu ilitoka mfukoni mwangu.

Bloku ni lile gamba kubwa la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kila kitu kingine cha injini kinafungwa juu yake, chini yake au ubavuni. Johannesburg ina wapenzi wengi wa magari ya zamani ya Kimarekani, na bloku ya gari la namna hiyo ikipasuka huwezi kwenda dukani ukanunua nyingine. Inatafutwa kwenye vyuma chakavu, kwenye maghala ya wakulima, ndani ya boti zilizooza. Kwa macho zinafanana zote. Moja itakaa kwenye gari lako raha mustarehe, nyingine itaingia halafu ikatae vyuma vyako vya ndani, na nyingine ni ya mwaka usio wako na haina thamani kwa mtu anayetaka gari lake liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mtu wa kukuambia ipi ni ipi alikuwa yeye.

Zana zake zilienea kwenye kopo moja la rangi: brashi ya waya, chupa ya petroli, kipande cha chaki, penseli ya seremala na karatasi nyembamba za kufungia mikate alizopewa na mwenye spaza, kile kiduka cha kona. Alisugua, akamwaga petroli, akasugua tena, akapaka chaki mpaka namba zikasimama. Kisha aliweka karatasi juu yake na kupitisha penseli kwa ulalo, namba zikahamia kwenye karatasi jinsi zilivyo, na ubaya wake wote. Hakuwahi kukwambia namba kwa mdomo kabla hujaiona kwenye karatasi.

"Soma weye mwenyewe," alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Mi nisikusomee, kesho utasema mzee alinidanganya."

Tarakimu saba za nyuma zilikuwa za aina ya bloku. Pembeni yake kulikuwa na herufi ya mwezi, tarehe, na mwaka. Huo mwaka ndio uliokuwa adui yake wa siku zote, kwa sababu hao Wamarekani waliandika tarakimu moja tu ya mwisho. Ukiona tisa, ni ya sitini na tisa au sabini na tisa? Bloku ya aina moja ilitengenezwa kiwandani miaka kumi mfululizo bila kubadilishwa namba. Ili kujua, ilibidi usome namba nyingine ndogo zilizogongwa mbele, juu ya uso uliosawazishwa, na hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kupotea. Nimemwona amekaa juu ya tairi mbele ya tarakimu moja kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, chai imepoa. Wateja walimkasirikia. Walitaka aseme lolote tu waondoke.

"Tisa ya lini?" alijiuliza kwa sauti. "Bon. Sijui. Mi siko mganga."

Sasa mtu akisikia hivi atadhani nazungumzia mtakatifu. La hasha. Alikuwa mwongo wa kupindukia. Umri wake aliutaja mara tatu mbele yangu, na kila mara alikuwa amepungua. Alimwambia mchungaji wake kwamba kazi za Jumapili zinafanywa na mtu mwingine, huku mikono yake inanuka petroli kwenye ibada. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mkewe, mama mmoja mshona nguo mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima, alimkataza sukari. Alikula keki kwangu, kwa Msomali mmoja na kwa fundi wa betri wa jirani, kisha akaapa kwa marehemu mama yake kwamba tangu asubuhi hajaonja kitu. Kwenye dama aliiba kete ukigeuka kupokea simu. Nilipomkamata na kete mkononi, alinitazama usoni bila haya na kusema ilikuwa inaanguka, ameidaka.

Namba tu ndiyo hakuichezea. Nilimpima mara nyingi kwa utani na sikumpata. Nilimwuliza sababu, akaniambia kwamba uongo mwingine wote mtu anaweza kuusahihisha kesho kwa kuomba radhi, ila injini ikishafungwa watu wanapanda gari na watoto wao. Sikuona kama ni jibu kamili. Wateja wengine walitaka tu kujua mwaka, hakuna mtoto wa kufa hapo.

Nilifika kwake mwaka 2015 kwa ujinga wangu mwenyewe, na ujinga wenyewe hauwezi kufanywa na mtu yeyote ila sisi tuliotoka pwani. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa nimenunua Impala ya mwaka sitini na tisa, nyeupe, ya paa la kufunguka, ili nikodishe kwenye harusi za Mayfair. Mabibi arusi wa Kisomali, wa Kihindi na wa kwetu walikuwa hawataki gari jingine wakishaiona. Lilinilisha mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mwezi wa saba nikajaza maji ya bomba kwenye rejeta, maji matupu, kama ambavyo baba yangu alijaza maisha yake yote barabara ya Pangani. Asubuhi majani ya uwanjani yalikuwa meupe kwa baridi. Nikakuta maji yameganda ndani ya injini, yamevimba, yameipasua bloku ubavuni ufa wa kiganja kizima.

Mzee aliutazama ule ufa, akanitazama mimi, akauliza natoka wapi. Nikamwambia.

"Tanga," alisema, na tangu siku hiyo hilo ndilo likawa jina langu. "Kule kwenu maji haigandake?"

"Labda kwenye friji, mzee."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamwita mkewe aje amwone mtu aliyeua injini kwa maji safi. Yule mama akanipa pole, akaniletea chai, akamgombeza yeye kwa kucheka msiba wa mtu.

Alinitafutia bloku miezi miwili. Aliyoipata ilitoka shambani, ilikuwa ya aina ileile ya Impala yangu, na tarehe yake ya nyuma iliishia na tisa. Tatizo lilikuwa mbele. Fundi fulani wa zamani aliwahi kuisawazisha sehemu ya juu kwa mashine ili kifuniko kikae vizuri, na ile mashine ikafuta namba ndogo zote.

"Hii haina uso," mzee aliniambia. "Injini ni nzuri, ila iko siku mtu atauliza uso yake iko wapi. Niachie siku mbili niisugue yote. Wakati mwingine waligonga namba ingine huku chini, karibu na chujio ya oili. Niione kwanza, nikuandikie."

Idi ilikuwa imekaribia na nilikuwa na harusi nne. Nilimwambia mzee, wewe unatafuta namba, mimi natafuta kula. Niliichukua siku ileile. Nikaipiga rangi ya chungwa ing'ae, juu na chini, nikaifunga garini. Yeye alisimama getini na kopo lake la brashi. Kusema kweli nilifurahi kumshinda.

Kulikuwa na watu waliokuja na fedha wakimtaka aseme anachotakiwa kusema. Mmoja nilikuwepo. Alikuwa bwana wa vitongoji vya kaskazini, ana Mustang iliyorembwa hadi skrubu ya mwisho, na alikuwa anataka kuiuza kama gari ambalo halijawahi kubadilishwa injini. Alihitaji neno la mzee kwa sababu mnunuzi alikuwa amesikia habari zake. Mzee alisugua, akapaka chaki, akatoa karatasi. Bloku ilikuwa changa kuliko gari kwa miaka mitatu. Yule bwana alisema kwa upole, halafu kwa ukali, halafu akamwuliza mzee kama ana karatasi za kuishi katika nchi hii. Fundi wa betri aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Mzee alikunja ile karatasi mara mbili, akamtilia yule bwana kwenye mfuko wa shati na kumwambia asome vizuri nyumbani kwake. Bwana alipoondoka, mzee aliingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, na siku tatu hakuonekana.

Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Karatasi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa ya kuongezwa muda kila miezi sita, na kila akienda kupanga foleni Pretoria alirudi amezeeka. Akiona gari la polisi alivuka barabara hata kama alikuwa anaelekea upande huohuo. Siku za vurugu dhidi ya wageni, tuliposikia kwamba kundi linashuka kutoka upande wa mjini na maduka yanavunjwa, yeye na majirani walisukuma bloku zote nyuma ya geti, moja juu ya nyingine, mpaka geti likawa halifunguki hata kwa wenyewe. Nilikuwa ndani nao mara moja. Tulikaa chini, mgongo kwenye chuma, tunasikiliza filimbi na vioo kwa mbali, na yeye alikuwa anapapasa bloku iliyo karibu naye na kutamka namba zake kimyakimya. Mkewe alikuwa anasali. Watu walipita mtaa wa pili wakaenda zao.

Mwaka 2018 nilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi nikitoka harusini, maua bado yako kwenye boneti. Askari alifungua boneti, akamulika mbele ya injini, akapapasa pale ambapo palipaswa kuwa na namba. Palikuwa laini. Akaniuliza nani ameisaga. Nikaeleza habari za mashine, kifuniko na fundi wa shambani, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwizi. Impala ikavutwa hadi yadi ya polisi. Ofisa mmoja mwenye makamo, mstaarabu, aliniambia kwa Kiingereza kwamba injini isiyo na namba kwao ni injini ya wizi. Nikishindwa kuleta uthibitisho hadi Ijumaa, gari litaingia kwenye orodha ya magari ya kusagwa.

Nilikwenda Bertrams siku hiyohiyo. Nikamwambia mzee yote. Kama namba ya pili ipo pale chini karibu na chujio, chini ya ile rangi yangu ya chungwa, ni yeye tu anayeweza kuitoa bila kuiharibu, na ni yeye tu anayeweza kumweleza ofisa uso ulipotea vipi.

Mkewe alijibu kabla yake. "Karatasi yake imekwisha miezi ine sasa, Tanga. Foleni ya Pretoria wamefunga, walimwambia arudie. Unataka aingie polisi na miguu yake?"

"Mgongo inaniuma," alisema mzee, hanitazami. "Siwezi kulala chini ya gari."

Nilijua anadanganya. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona ananyanyua kichwa cha injini peke yake. Niliondoka bila kuaga, na njiani nilimtukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Usiku sikulala. Niliona gari langu linasagwa, nikaona nyumba yangu inarudi kwenye chumba cha kuchangia kule Berea, watu sita na pazia katikati. Hakuna mtu mwingine niliyempigia simu aliyeweza kunisaidia.

Ijumaa saa nne asubuhi niko kwenye yadi ya polisi, peke yangu, natazama saa. Akaingia. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, ya kijivu, na kopo lake la rangi mkononi. Hakunisalimia. Alimpita ofisa, akaenda moja kwa moja kwenye Impala, akavua koti, akatandika boksi, akalala chini ya gari kwa suti yake.

Tulisikia brashi. Harufu ya petroli ikatoka. Ofisa alikuwa amechuchumaa na tochi, mimi nimesimama nyuma yake. Brashi ikaacha kusugua. Nikaita, "Mzee?" Nilimjua. Kama hakuna kitu pale chini, atatoka aseme hakuna kitu, na gari langu litasagwa kwa mdomo wake. Nilitamani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, awe mwongo hata kwenye namba.

Mkono wake ukatoka na karatasi ya mikate. Juu yake, kwa penseli, zilikuwepo tarakimu, zimepinda, moja imekatika nusu, lakini zinasomeka. Zilianza na moja, ya aina ya gari, na tisa, ya mwaka, kwa umbo la miaka ya sitini.

"Sitini na tisa," mzee alisema alipotoka, uso mweusi kwa grisi. Mbele ya polisi alizungumza Kiingereza cha kuvunjikavunjika, akimwonyesha ofisa kwa kidole: hapa ni gari, hapa ni mwaka, hizi ni za kiwanda. Kisha akampeleka mbele ya injini, akamwonyesha mistari myembamba iliyonyooka ya ile mashine. Mtu anayefuta namba kwa wizi, alisema, anasaga pale tu penye namba, tena kwa mkono, na mistari yake inazunguka. Hii imepita uso wote.

"Eish, baba," ofisa alisema. Aliingia ndani na ile karatasi. Aliporudi alisema namba haimo kwenye magari ya wizi, na kwamba maelezo yamemridhisha. Kilichobaki ni kiapo cha maandishi. Atakayekula kiapo ni mtu mwenye ujuzi, si mwenye gari. Jina, anwani, namba ya kitambulisho, sahihi.

Aliweka fomu juu ya boneti. Kalamu yake ikakataa kuandika, nikatoa yangu.

Mzee aliandika jina. Akaandika mtaa. Alipofika kwenye kisanduku cha namba ya kitambulisho, kalamu ikasimama. Ofisa alikuwa ameshaanza kuzungumza na mwenzake habari za mpira. Mzee angeweza kuandika tarakimu zozote. Angeweza kusema amesahau karatasi nyumbani, na yule ofisa, kwa alivyokuwa, pengine angemwambia ailete Jumatatu. Mtu aliyeiba kete zangu miaka mitatu asingekosa la kusema. Nami nilikuwa hapo, hatua moja kutoka kwake. Nilihitaji kusema neno moja tu: mzee, acha, tutafute njia nyingine. Sikulisema. Akaandika namba yake, yote, taratibu, bila kukosea, akarudisha kalamu.

Mwenzake ofisa, kijana zaidi, ndiye aliyekwenda kuijaza kwenye kompyuta. Alirudi akisema samahani, karatasi ya mzee imekwisha muda, na nilikuwa nimeshapewa ufunguo wangu.

Walimpeleka kwenye kituo cha kuwashikilia wageni, nje ya mji. Mkewe alikataa kunifungulia geti, na simlaumu. Nilitafuta mwanasheria wa kanisa lao, nikaenda naye, nikaambiwa shauri limechelewa. Nilifanikiwa kumwona mara moja, wiki chache kabla hawajamrudisha Kongo.

Alikuwa amekonda. Alikaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti, na kucha zake zilikuwa safi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimemletea soksi na dawa za sukari. Aliniuliza habari za watoto kwanza, kisha za mama mkwe, mmoja mmoja, kwa mpango, kama mtu aliyefunzwa Tanga. Nikajibu wote wazima. Nikaona dakika zinakwisha, nikamwambia nililokuwa nimelibeba: kwamba niliiona kalamu ikisimama, nilijua maana yake, na nilinyamaza kusudi.

"Najua," alisema. "Nilikuangalia. Nilingoja useme."

Askari wa mlangoni alisema muda umekwisha. Mzee alichukua soksi zake, akasimama, na kunipa mkono wa kuniaga.